Wakili, jimbo na orodha
Wakili kijana wa Mutanga Nord, mtaa wa Bujumbura, akitamani ubunge, asiige njia ya wakili Mtanzania Tundu Lissu, mwana wa Ikungi, ambaye mwaka 2010 aliwaomba kura watu wa Singida Mashariki kwa tiketi ya Chadema, lakini kwa jina na sura yake. Burundi mpiga kura huchagua orodha, si mtu, na kati ya majina matatu yanayofuatana, wa kabila moja hawazidi wawili. Kanuni hiyo imezaliwa na vita, siibezi. Ila orodha yenye nafasi ni ya chama kimoja: Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilizoa viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Ufasaha wa mahakamani, ndugu wakili, haukufikishi Kigobe, kwenye ukumbi wa Bunge. Anayekufikisha ni mwenye kalamu ya orodha.