Sumu Huondolewa Jikoni

Wapo siku hizi wauzao chupa za dawa ya kusafisha sumu mwilini, na watumishi wenye mishahara, walimu wakiwamo, huzinunua. Fedha hizo zimepotea bure. Ini na figo hufanya kazi hiyo usiku na mchana bila malipo.

Mtwara tunayo sumu ya kweli. Muhogo mchungu una sianidi, na ukame huizidisha. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao akina mama na watoto, walipooza miguu. Mwaka 2002 na 2003 ugonjwa huo huo, konzo, ulizuka Mtwara. Miguu iliyopooza kwa konzo haiponi.

Akina mama wetu si wajinga. Wanajua kuloweka na kuanika. Lakini njaa haingoji: muhogo hutwangwa ungali mbichi, huanikwa na kuliwa upesi.

Ipo njia isiyohitaji fedha. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, sumu ikapaa hewani, kisha ugali husongwa siku hiyo hiyo. Samaki na kunde nao husaidia, maana protini ndiyo huuwezesha mwili kuivunja sianidi iliyobaki. Ila samaki wetu huuzwa mjini kabla mtoto wa mvuvi hajaonja.

Ndugu mwalimu, ndugu bwana shamba, njia hii ifundishwe kabla ya ukame, si baada ya mtoto wa kwanza kushindwa kusimama. Na halmashauri zipeleke chakula mapema: mama anayeambiwa aloweke muhogo siku tatu lazima awe na cha kupika siku hizo tatu.