Mwathiriwa naye ana haki ya kukataa

Mama mmoja wa kijijini Makueni, mzazi wa mwanafunzi wangu, alivamiwa nyumbani kwake na wezi. Siku chache kabla ya kesi kusikizwa, alifikiwa na mgeni aliyesema ametumwa na wakili wa mshtakiwa. Mgeni huyo alimuuliza maswali kwa Kiswahili, akayaandika majibu kwa Kiingereza, kisha akamtaka atie kidole. Mama huyo, ambaye lugha yake ni Kikamba, alitii akidhani hiyo ni amri ya mahakama. Alipotoa ushahidi alisomewa maneno ya karatasi ile, akaonekana anajipinga.

Tangu nisikie kisa hicho nimekuwa nikilitafakari neno “mahojiano”. Limetokana na kitenzi “hojiana”, chenye kiambishi cha kutendana. Kama ilivyo katika kupatana na kuagana, hapana awezaye kuhojiana peke yake. Pale ambapo upande mmoja hauelewi wala haukuridhia, hayo si mahojiano hata yakipewa jina hilo.

Nisieleweke vibaya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa muda na nafasi ya kutosha kuandaa utetezi wake. Shahidi si mali ya upande wa mashtaka, na wakili anayeomba kuzungumza naye kwa uwazi hajakosa. Lakini ombi si amri. Kinachomlazimu shahidi kufika na kujibu ni wito wa mahakama. Barua ya wakili haina nguvu hiyo. Mwathiriwa aweza kukubali, aweza kukataa, au akakubali kwa masharti: kwamba wazungumze kwa lugha anayoimudu, mbele ya mtu anayemwamini.

Kifungu hicho hicho kiliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, nayo ikatungwa mwaka wa 2014. Sheria hiyo inampa mwathiriwa haki ya kutotishwa, kutosumbuliwa na kutohongwa. Mnamo 2020, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa aweza kushiriki katika kesi, mradi haki za mshtakiwa zisivunjwe.

Hata hivyo, sheria hulinda anayeijua. Katiba inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Uani kwa mama yule hapakuwa na mkalimani wala hakimu. Palikuwa na kalamu, wino na hofu. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Ndiposa nawageukia walimu wenzangu na wanafunzi wa Kitui na Makueni. Ninyi ndio majirani huwaletea karatasi muwasomee. Waambieni wamuulize mgeni ni nani na ametumwa na upande upi. Waambieni wasitie sahihi wala kidole kwenye maandishi wasiyoyaelewa, na wakitishwa wamwarifu mpelelezi au kiongozi wa mashtaka. Na mwathiriwa akiwa mwanafunzi, mwalimu asikubali ahojiwe faraghani shuleni bila ya mzazi wake kujua.

Kumwelimisha mwathiriwa si kumnyima mshtakiwa haki. Jibu lililotolewa kwa hiari na kwa lugha inayoeleweka humfaa hata mshtakiwa, iwapo kweli hana hatia.