Tangazo la Macho

Wiki hii mtuvumilie tukianza na jambo linaloonekana dogo, nalo ni rangi ya herufi.

Tangazo la upimaji wa macho bila malipo lilitufikia kwa simu huku mwambao wa Ziwa Nyasa. Lilipendeza kulitazama: ziwa wakati wa machweo, maua pembeni, picha za viongozi watatu na majina ya wafadhili kwa herufi nene. Siku na mahali viliwekwa chini kabisa, kwa herufi nyembamba za dhahabu juu ya maji yenye rangi hiyohiyo. Kila lilipopitishwa kutoka kundi moja hadi jingine, picha ilizidi kufifia. Bibi mmoja wa Chiwanda alisomewa na mjukuu wake. Tarehe 3 ikasomeka 8. Akapanda bodaboda hadi Mbamba Bay, akakuta mlango umefungwa. Tangazo la macho lilimtaka msomaji awe na macho makali!

Hatumlaumu kijana aliyelitengeneza. Alijitolea, wala hakuna aliyemfundisha. Tunajilaumu sisi tulioliona, tukasema "mashaallah", tukalisambaza. Leo ni macho. Kesho huenda likawa onyo la upepo kwa wavuvi.

Waislamu si wageni katika ufundi huu. Maandishi ya Kiarabu ya mwanzo hayakuwa na irabu. Uislamu ulipowafikia watu wengi wasiokuwa Waarabu, makosa ya kusoma yakazidi. Katika karne ya 1 Hijria, Abul-Aswad ad-Duali akaonesha irabu kwa nukta za rangi tofauti na wino wa herufi. Karne iliyofuata, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, akabuni alama ndogo za fat-ha, kasra na dhumma, ambazo watoto wetu huanza nazo madrasa. Wanazuoni hao hawakuongeza neno hata moja. Walimfikiria msomaji atakayeshika msahafu bila mwalimu pembeni.

Mama zetu nao wanayo kanga. Pindo, mji na jina, kila kimoja kina mahali pake. Jina ni fupi, kwa herufi kubwa, na aliye hatua kumi nyuma hulisoma. Kioo cha simu ni kidogo kuliko kanga mara nyingi. Basi kwa nini tukijaze zaidi? Binti anayechora hina anajua mkono unahitaji kuachiwa nafasi tupu. Tungempa yeye kazi ya matangazo kabla ya wengi wetu.

Wapimaji wameahidi kurudi, in shaa Allah. Safari hii tangazo ataliandika mjukuu yule: huduma, siku, saa na mahali, kwa herufi nyeusi juu ya nyeupe. Wafadhili watakaa chini. Halitatumwa kwa yeyote mpaka bibi alisome mwenyewe, akiwa uani, juani, kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka.