Askari na Mwanafunzi Wazungumzapo Dini

Januari 1892, pale Mengo, vijana waliolelewa katika jumba moja la Kabaka walielekezeana mitutu ya bunduki, Waprotestanti upande huu, Wakatoliki upande ule. Kapteni Lugard alikuwa amewagawia Waprotestanti silaha. Miaka mitatu tu kabla yake, Wakristo hao hao walikuwa wameungana kupigana na Waislamu.

Leo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, hupokea hata wanafunzi Wakristo. Na kilima cha Makerere kina msikiti, kanisa la Waanglikana na la Wakatoliki. Lakini askari wetu wengi huwajua wanafunzi siku ya mgomo tu, wakiwa wameshika ngao na rungu. Twaona hiyo ni hasara.

Askari aliye likizoni, akialikwa chuoni kuzungumza juu ya dini, na aende. Avue gwanda, wala asichukue silaha. Mbele ya sare mwanafunzi hukubali kila neno (sisi maofisa wa uhusiano twalijua sana jambo hilo), na mazungumzo hufa papo hapo.

Huko ataulizwa yasiyoulizwa gwarideni: Kwa nini wafunga? Waomba nini kabla ya doria? Akikosa jibu, atarudi kambini kumwuliza kasisi au shehe wake, na imani aliyorithi kwa wazazi itaanza kuwa yake mwenyewe. Na siku ya mgomo amri itakapotolewa, atamtambua kijana aliyesimama mbele ya ngao yake.