Bomba la Moshi na Haki ya Jirani



Imekuwa ada kwa baadhi ya vijana wetu hapa Tukuyu, wakishanunua gari la kawaida la kazini na sokoni, kumwendea fundi wa kuchomelea ili aondoe sailensa na kuweka bomba pana lenye kunguruma. Likipita alfajiri, mgonjwa hushtuka, mtoto hulia, na wanafunzi wetu hukatiza kisomo mpaka lipite.

Hatusemi kwamba kubadili bomba ni kosa. Mvua za Rungwe ni nyingi, na chuma huliwa na kutu. Mwenye gari hana budi kuweka jingine, wala si lazima liwe la kiwandani. Tunalolikemea ni bomba lenye kudhuru.

Vijana hutoa hoja kwamba gari hupata nguvu za kupanda milima ya Uporoto. Tumeipima hoja hii na kuiona dhaifu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Bomba pana haliirudishi hewa hiyo. Kwa gari la kawaida faida yake ni ndogo mno, ilhali kelele humfanya dereva adhani kuwa anakwenda kasi.

Kubwa zaidi ni kung'olewa kwa masega, yaani kile chombo chenye matundu mfano wa sega la nyuki, ambacho hupunguza sumu ya moshi kabla haujatoka. Ndani yake mna madini ya thamani kama platini na paladi, ndiyo maana wanunuzi huyatafuta. Anayeyauza hupokea fedha leo, na sumu akauachia mtaa.

Miongoni mwa sumu hizo ni gesi ya kabonimonoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Sisi watu wa baridi tunaijua: haina rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Bomba lililochomelewa vibaya likivuja chini ya sakafu, na vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua, abiria huivuta wasitambue. Huumwa kichwa na kusinzia, wakadhani ni uchovu wa safari. Je, akisinzia dereva mwenyewe kwenye miteremko ya kuelekea Kyela?

Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015. Lakini hata asipokuwepo askari barabarani, haki ya jirani ipo pale pale. Mafaqihi walikwishaweka kanuni kwamba mtu hana ruhusa ya kujidhuru wala kuwadhuru wenziwe, japo kwa mali yake.

Nasaha yetu ni hii: anayebadili bomba abakishe masega na sailensa, achague fundi anayeziba viungo barabara, na mwisho wa bomba utokeze nje ya bodi. Anayesikia mlio mpya au harufu ya moshi ndani ya gari afungue vioo, na arudi kwa fundi siku ile ile.

Wala tusiwaachie vijana lawama peke yao. Wengi wetu tumepanda magari hayo, tukashuka na kichwa kinauma, tukanyamaza.

Wabillahi tawfiq.