MSIMWACHE PEKE YAKE LEO

Katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, mtu wa Athene jina lake Sophocles alitunga mchezo wenye habari za Ajax, shujaa wa Wayunani katika vita vya Troya. Labda mzee mmoja wa kanisa atauliza: mchezo wa wapagani una faida gani kwetu? Lakini Paulo alipohubiri Athene alitaja maneno ya watunga mashairi wao. Basi tusikilize.

Ajax alinyimwa heshima aliyoitazamia. Akatoka usiku kwa hasira awaue wakubwa wa jeshi, lakini akili zilimpotea, akachinja ng'ombe na kondoo akidhani ni watu. Akili zilipomrudia aliona aibu kubwa. Akaketi kati ya nyama zile, hataki kula wala kunywa, akatamani kufa.

Mkewe Tecmessa alimsihi. Alimkumbusha baba yake mzee, na mama anayemwombea arudi nyumbani, na mtoto wao mdogo, na yeye mwenyewe asiye na kwao tena. Kwa maoni yangu mwanamke huyu alisema vizuri kupita wengi wetu kanisani. Maana sisi twakemea: "Ni dhambi! Huna imani!" Mtu aliyelemewa na aibu, ukimwongezea aibu umemsaidia nini? Eliya naye aliomba kufa, na Mungu alimpa kwanza usingizi, mkate na maji.

Lakini sikieni yaliyofuata. Ajax alianza kusema kwa upole, kana kwamba moyo wake umegeuka. Akasema anakwenda pwani kuoga na kuufukia upanga wake. Rafiki zake wakafurahi hata kucheza. Wakamwacha aende peke yake, na upanga anao. Kisha mjumbe akafika mbio: mwaguzi Calchas amesema Ajax azuiwe hemani siku ile moja tu, ikipita ataweza kupona. Wakakimbia kumtafuta. Walikuwa wamechelewa.

Siku moja tu! Sisi wauguzi twajua kwamba tamaa ya kufa mara nyingi hupanda kama homa, kisha hushuka. Kwa hiyo, ninyi mnaomlinda mgonjwa, akitulia ghafula baada ya huzuni nyingi, akaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msishangilie upesi. Mwulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo moyoni. Ondoeni kisu na dawa zote karibu naye. Mmoja akae naye usiku kucha, mwingine amwite muuguzi.

Na wewe unayesoma haya kitandani, nawe umechoka na uzima, sikukemei. Nakuomba siku hii moja. Usitufiche kwa maneno matamu kama Ajax. Mwambie muuguzi wa zamu, hata usiku wa manane: "Nataka kufa, kaa nami." Hatakucheka. Yule mlinzi wa gereza la Filipi alikuwa amekwisha kuchomoa upanga ajiue, na Paulo akapaza sauti gizani kumzuia, akimwambia kwamba wafungwa wote wapo. Kabla ya mapambazuko mtu yule alikuwa nyumbani kwake, ameandaa chakula mezani, anafurahi pamoja na jamaa yake yote.