Nashville: Bifu ya Rayna na Juliette Ina Mwenyewe

Najua nimechelewa. Tamthilia ya Nashville ilianza kuonyeshwa Marekani Oktoba 2012, ikaisha 2018, na mimi ndio kwanza nimemaliza episodi 3 za msimu wa kwanza, kwa simu, bando likiisha kila Rayna akifungua mdomo kuimba. Lakini hapa Wema hakuna wa kuniharibia uhondo, kwa hivyo wacha niseme yangu. Kama umeimaliza yote, tafadhali kaa na siri zako.

Hadithi ni hivi. Rayna Jaymes, anayeigizwa na Connie Britton, ni malkia wa muziki wa kantri. Amefika miaka 40, albamu yake mpya haiendi na tiketi za ziara zimelala. Juliette Barnes, yaani Hayden Panettiere, ni msichana anayejaza viwanja. Wote wako lebo moja. Basi bosi mpya anamletea Rayna wazo: zunguka na Juliette, lakini wewe ndio umfungulie shoo. Amfungulie! Mtu ambaye Juliette mwenyewe anamwambia, na tabasamu la sumu, kwamba mamake alikuwa akimsikiliza yeye akiwa bado tumboni. Hapo nilipiga kelele peke yangu.

Sasa kila mtu anayeiongelea anauliza: wewe timu Rayna ama timu Juliette? Mimi sina timu. Hebu iangalie ile ofisi. Rayna akikataa anaambiwa albamu yake haitasukumwa. Juliette naye anaanza kumwinda Deacon, mpiga gitaa wa Rayna na mtu waliyependana zamani, kwa sababu amefundishwa kwamba kupanda ni lazima umvute mwenzako chini. Wanawake wawili wanararuana, na yeyote atakayeshinda, pesa zinaingia lebo ile ile. Tena Juliette si shetani. Kuna pale mamake, aliyezama kwenye madawa, anapiga simu kutaka hela, na ule uso wote wa ustaa unaanguka. Dakika moja tu, lakini nilimwelewa.

Hii hadithi sisi tunayo, na yetu ni tamu zaidi. Dar es Salaam, miaka ya 1990: Khadija Kopa yuko TOT, Nasma Khamis Kidogo yuko Muungano. Huyu akitoa wimbo, yule anajibu. Mipasho mitupu. Khadija alikuwa ametoka Zanzibar, Culture Musical Club, na ndio, ni mama yake Zuchu, kabla hujaniuliza. TOT yenyewe ilikuwa ya CCM, chini ya Kapteni John Komba, kwa hivyo hata kule ukichungulia nyuma ya pazia unakuta mwenye bendi. Mambo ya lebo hayakuanzia Marekani.

Ila kuna kitu taarab inacho ambacho Nashville mpaka sasa haijanionyesha. Kwenye taarab, mama akisikia ubeti unaomgusa jirani yake, anainuka na noti mkononi, anapita mbele ya huyo jirani polepole, kiuno kikiongea, kisha ndio anaenda kumtunza mwimbaji. Hajasema neno hata moja na ujumbe umefika. Bifu ya jukwaani inakuwa mali ya walioketi kwenye viti. Nashville watazamaji ni kelele tu na idadi ya tiketi. Hatujui wanaenda na zile nyimbo wapi, wanamwimbia nani wakifika nyumbani.

Na siku hizi tumerudi kule kule kwa idadi. Juzi jamaa mmoja anayejiita meneja alinitumia ujumbe: chagua mwenzako anayetengeneza kontenti, mtukane siku tatu, siku ya nne mpatane laivu, mgawane hela. Nikamuuliza yeye atachukua ngapi. Akasema nusu. Nusu! Na matusi ni yangu, na jina litakaloharibika ni langu. Linganisha na mipasho: pale lazima ujue kutunga, ufiche jina la mtu hadi yeye mwenyewe ajitaje kwa kukasirika. Bifu ya mtandaoni haikudai kipaji chochote, inadai tu usiwe na aibu.

Turudi kwa Rayna. Mambo ya babake tajiri na mumewe kugombea umeya yananichosha, napeleka mbele bila huruma. Lakini muziki, wasee! Waigizaji wanaimba wenyewe. Kule mwisho wa episodi ya kwanza, Scarlett, mhudumu wa Bluebird Cafe, anapanda jukwaani na Gunnar, na shairi alilokuwa ameliandika kwenye daftari limekuwa wimbo. Sauti mbili, gitaa, basi. Nilirudia mara tatu, na bando ndio hilo likaenda. Hiyo ndiyo mistari ninayotaka kuifuata: mwenye maneno atapata nini, na nani atajulikana nayo? Sisi wa Tana hilo swali tunalijua. Wimbo wa taifa wa Kenya, ule wa 1963, sauti yake imetoka kwa wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Nchi nzima inasimama wima kwa bembelezi la mama zetu, na ukiuliza shuleni, wengi hawajui.

(Na usiichanganye hii na Country Queen ya Netflix ya 2022. Hiyo ni yetu, nzuri, lakini ni ya kijiji na mgodi.)

Nataka mtu aandike ya Khadija na Nasma. Misimu sita kama hawa, na kila episodi iwe na ukumbi, noti na jirani aliyenuna. Khadija wa ujanani nishampa Zuchu, hakuna mjadala. Nasma nimekwama. Nitajieni.